Mwaka wa Kadi Kubwa

Siku ya tatu baada ya kumzika kaka yangu Maganga, alikuja mwalimu mmoja wa sekondari kuulizia kompyuta yake. Alisimama kando ya turubai la msiba kwa muda mrefu, kofia mkononi, akiona haya kusema kilichomleta. Wanawake waliokuwa wakisugua masufuria wakamwelekeza kwangu. Akanipa pole, akaniuliza kama mama ameweza kula, akauliza habari za Mwanza ninakoishi, na mwisho ndipo akasema kwamba marehemu alikuwa na mashine yake, na ndani yake mna matokeo ya wanafunzi. Nikamwingiza chumbani. Kompyuta zilikuwa saba, zimepangwa ukutani, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Ya mwalimu iliandikwa pia "tayari". Akaondoka ameikumbatia kifuani, nami nikabaki nimekaa kwenye kitanda kisicho na mtu. Nje walikuwa wakimsifu kaka kwa utulivu wake na subira yake. Walisema kweli, kwa kuwa walimjua miaka ya baadaye. Mimi niliishi naye mwaka ambao hakuwa na subira hata chembe, wala mimi sikuwa nayo, na tulikuwa wawili tu ndani ya chumba hicho hicho.

Habari za ukoo wetu nitaziacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, na nina barua ya kujiunga na chuo cha maabara Mwanza. Maganga alikuwa na ishirini na saba. Alikuwa dereva wa malori, akibeba tumbaku kutoka Ipole hadi Tabora mjini, na kutoka hapo hadi Morogoro, katika njia ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo ile ile babu zetu waliitembea kwa miguu kwenda pwani, mizigo mabegani. Alipenda kuwakumbusha matingo wake jambo hilo walipolalamika kuchoka. Mwezi wa Juni lori lilipinduka kwenye mteremko, mbele ya Manyoni. Alitoka hospitali mwishoni mwa Agosti, mikono yake mizima, kichwa chake kizima, na kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari ya kitu. Muuguzi aliyetuaga alituambia jambo moja akalirudia mara tatu: ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo atatokwa na vidonda, na vidonda ndivyo vitakavyomuua, si mgongo.

Mama alikuwa mpishi katika seminari ya Kipalapala. Aliondoka asubuhi na kurudi jioni, na usiku zamu ilikuwa yake. Mchana ulikuwa wangu. Nilidhani ungekuwa wangu kwa wiki chache, mpaka Baba Mdogo alipokuja kutoka Lusu na gunia la mahindi. Nilikuwa uani nikichambua uyoga mkavu, dirisha la sebule liko wazi, nikamsikia akisema kwa sauti yake nzito ya kuswagia ng'ombe kwamba chuo hakikimbii. Abaki mwaka mmoja, alisema, waandikieni barua, mwaka mmoja si kitu. Mama sikumsikia akijibu. Nilisikia tu kikombe kikiwekwa mezani. Jioni ile nilikula ugali na uyoga bila kumtazama Baba Mdogo usoni, na alipoondoka kesho yake nilimpa shikamoo ya kwaheri kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Yeye aliitikia marahaba, akaniwekea mkono kichwani. Kwa miezi sikuusahau mkono huo, nikauchukia.

Watu wakisema wamefungwa, hufikiri kuta. Mimi kuta hazikunifunga. Mlango wa nyumba yetu pale Isevya, mjini Tabora, ulikuwa wazi kutwa. Nilifungwa na saa. Ningeweza kwenda popote ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi kabla saa mbili hazijaisha, na nilizipima sehemu zote za mji kwa kipimo hicho. Sokoni, ndiyo. Kanisani, ndiyo, ikiwa padri hana maneno mengi. Kwa rafiki yangu aliyekuwa akishona nguo upande wa pili wa reli, ndiyo, lakini bila kukaa. Dunia yangu ilikuwa na upana wa saa mbili, na katikati yake palikuwa na kitanda. Nilijifunza kumgeuza kama nilivyofundishwa, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, mto kati ya magoti. Alikuwa mzito. Tulikuwa hatuongei wakati huo. Yeye alitazama dari, mimi nilitazama ukuta, na ilipokwisha kila mmoja alijifanya kwamba haikutokea.

Kitu pekee alichokipenda kilikuwa kompyuta yake ya mezani. Aliinunua kabla ya ajali, ofisi moja ya misheni ilipokuwa ikibadilisha vyombo vyake, ili acheze mpira kati ya safari na safari. Boksi lake lilikuwa limegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na feni yake ilinguruma hadi jikoni. Tuliisogeza kando ya kitanda, tukamwekea kibodi juu ya ubao, naye akaacha mpira akaanza mchezo wa malori. Unaendesha lori katika barabara za Ulaya, zenye mistari na vibao, unapakia mzigo mji huu unaushusha mji ule. Lakini mashine ilikuwa kongwe kwa mchezo ule. Barabarani porini ilijitahidi; akiingia mjini, penye nyumba na magari, picha zilianza kukwama. Lori lilisimama, likaruka, likasimama tena, na mara nyingi liliporuka lilijikuta limekwisha kugonga ukuta. Niliwahi kuingia na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nikamkuta ameinamisha kichwa juu ya kibodi. Aliniambia, bila kuniangalia, kwamba anapinduka kila siku.

Ndipo likaja wazo la kuifufua mashine. Wenzake wa barabarani walikuwa wamemchangia, na yeye mwenyewe akauza redio kubwa ya lori, kwa hiyo kulikuwa na kitu kidogo. Kutwa nzima alisoma kwenye simu kuhusu vipuri. Aliijua RAM, kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi, aliijua prosesa, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha. Alikuwa ameichagua moja, kubwa, yenye feni mbili, na aliizungumzia jinsi vijana wengine wanavyozungumzia msichana. Akanituma kwa Fundi Nassoro, aliyekuwa na duka la kutengeneza kompyuta karibu na soko, mwembamba, wa makamo, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Nilimpa shikamoo, nikampa karatasi ya Maganga. Aliisoma, akaniuliza kompyuta yetu ni ya namna gani, akaniomba nimletee namba zilizoandikwa kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma la nyuma linalopokea umeme na kuugawa. Kesho yake nilimpelekea. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, kama mtu anayetaka kueleweka, kwamba kadi ile inakula umeme mwingi, na pawa saplai yetu ni ya mashine ya kuandikia barua. "Haitaibeba, binti," alisema. "Anzeni na pawa saplai na RAM. Kadi mtachukua ndogo, au ingojee."

Nilielewa. Hilo nataka liwe wazi, maana kwa wiki kadhaa nilijidanganya kwamba sikuelewa vizuri. Niliporudi, Maganga alikuwa amekaa wima kwenye mito, amejinyoa mwenyewe ndevu kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Akaniuliza fundi amesemaje. Nikafikiri juu ya Septemba iliyopita, chuo kilipofunguliwa bila mimi, na Septemba inayokuja. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba mwaka mmoja haukuwa na kitu cha kuuzuia usiwe miwili, na miwili usiwe kumi. Nikafikiri kwamba akipewa anachokitaka, hicho chenyewe hasa, labda angezama humo na kuacha kunisikiliza nikitembea uani. Kulikuwa na hasira pia. Nilikuwa nimechoka na karatasi zake na amri zake, na kuna sehemu ya moyo wangu iliyosema, haya, chukua ulichokililia.

"Amesema itafaa," nikajibu.

Kadi ililetwa na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi lililojaa magazeti. Fundi Nassoro alikuwa amesafiri kwenda kwao Ujiji, na mimi sikumngoja. Niliifunga mwenyewe, Maganga akinisomea maelekezo, na kwa mara ya kwanza mwaka ule tulicheka pamoja, maana bisibisi ilikuwa kubwa mno na nikatumia kisu cha jikoni. Ilikuwa mchana wa Oktoba, joto la kabla ya mvua, bati likilia juu yetu. Mashine ikawaka. Akafungua mchezo. Sijui nieleze vipi. Miti ilikuwa na majani, lami ilimeremeta kama imenyeshewa, na lori lilikwenda bila kukwama. Alikuwa ameshika ukingo wa ubao kwa mkono mmoja kama mtu ameshika usukani kweli, mdomo umefunguka kidogo. Akaingia mji wa kwanza, akapita kati ya nyumba, akatoka. Akaniambia nitazame kioo cha pembeni, nione magari yanayofuata nyuma. Nilikuwa nimeinama kuyatazama tuliposikia mlio, si mkubwa, kama mbegu ya ubuyu inayopasuka motoni. Kioo kikawa cheusi. Halafu ikaja harufu.

Maganga alibonyeza kitufe cha kuwashia, akabonyeza tena, akaendelea kukibonyeza kwa upole kama anayemgusa mtu aliyelala. Kisha akaniambia, "Nigeuze." Saa mbili zilikuwa hazijatimia. Alitaka kutazama ukuta. Nikamgeuza, mkono begani, mkono nyongani, mto kati ya magoti, nikamlaza akinipa mgongo. Hata kunisusia alihitaji mikono yangu. Mwaka ule ulikuwa na mambo mengi magumu, lakini nikiulizwa lipi lilikuwa gumu zaidi, huwa nakumbuka dakika hiyo.

Alikaa hivyo karibu mwezi mzima. Alikula nilipompa, alijibu alipoulizwa, na jioni Mama alimweleza habari za seminari, nani ameugua, mapadri wamesifu mboga gani, naye aliitikia mhm. Nje mvua zilianza. Wenzake wawili wa malori walikuja na dumu la asali kutoka Ipole, wakakaa nusu saa wakizungumza wao kwa wao, wakaondoka. Kiti cha magurudumu tulichopewa na kanisa, ambacho hakuwahi kukikalia, tulikuwa tukikiegeshea beseni la nguo. Mimi nilijua mashine ingeweza kupimwa, lakini sikwenda kwa fundi. Nilimkwepa hata sokoni. Mwishowe ni yeye aliyekuja, siku moja asubuhi, juu ya baiskeli. Alikuwa amesikia kuwa mashine ya dereva imeungua. Akavua viatu mlangoni, akampa Maganga pole, akapiga magoti sakafuni, akaifungua. Alinusa kabla ya kutazama. Akatuambia pawa saplai imekwenda, na imeondoka na mazabodi, ile sahani kubwa inayounganisha vyote. Hata kadi hana hakika nayo. Kisha akanitazama juu ya miwani yake, bila ukali wowote, akasema, "Si nilikwambia, binti, kwamba haitaibeba?"

Nilisikia mvua kwenye bati. Fundi aliona nyuso zetu, akaelewa kwamba amesema jambo ambalo halikuwa lake kulisema. Akakusanya bisibisi zake, akatuaga, akaondoka bila kumaliza chai.

"Alikwambia?" Maganga aliuliza.

"Aliniambia."

"Kwa nini sasa?"

Ningeweza kusema nilitaka kumfurahisha. Ilikuwa kweli kwa sehemu. Lakini nilikuwa nimechoka, nikasema yote. "Nilitaka uwe na kitu kingine cha kutazama, kaka. Nilitaka uniache niende. Na nilikukasirikia."

Aligeuza uso ukutani, hata nikadhani ameanza tena. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Siku ile ya Baba Mdogo, alisema, kabla hawajakaa sebuleni, Mama na Baba Mdogo waliingia chumbani kwake. Baba Mdogo ndiye aliyetaka niende. Alikuwa amekuja na mahindi ili Mama auze nusu yawe nauli yangu. Mama naye alitaka. Wakamuuliza yeye. "Nikawaambia ukienda, sitakula tena," Maganga alisema. "Nikawaambia wasikwambie kwamba ni mimi. Baba Mdogo akasema basi, lawama ataibeba yeye." Alikuwa akisema huku akitazama dari, na machozi yalikuwa yakimteremkia masikioni kwa kuwa amelala chali. Sikuyafuta. Nilichukua kanga yangu nikatoka.

Nilitembea njia ya Kipalapala kwenye matope, kwa haraka, nikipita mashamba ya mihogo, sijui nakwenda wapi. Nilifika mahali ambapo waseminari walikuwa wakilima, wamekunja suruali, wakitaniana, nikasimama ukingoni mwa shamba kama mtu aliyepotea. Mmoja akaniuliza kama namtafuta Mama. Nikasema hapana. Nilikuwa na nia ya kuendelea, kufika Sikonge kama ingebidi, kulala popote. Lakini kichwani mwangu saa ilikuwa ikihesabu bila kuniuliza, na ilipofika katikati ya zile saa mbili nikageuka. Nilijidharau kwa kugeuka. Sasa nina umri wa kutosha kujua kwamba haukuwa udhaifu, wala haukuwa upendo peke yake. Mwili ulikuwa umekwisha kujifunza. Nilimkuta amekaukiwa na machozi. Nikaweka mkono begani, mkono nyongani. Akaniambia, "Nisamehe, Kalunde." Nikamwambia sijui kama naweza. Akasema ni haki yangu.

Wiki moja hivi ilipita. Asubuhi ya Jumamosi moja, Mama akiwa nyumbani, Maganga akaniambia nitoe beseni kwenye kile kiti. Mama aliacha kufua. Tulimvika shati la safari na kofia, tukambeba na kumkalisha, akafunga macho mpaka kizunguzungu kikapita. Miezi mitano na zaidi hakuwa ameona mtaa. Nilimsukuma kwenye mchanga na madimbwi, na kila baada ya hatua kumi kulikuwa na mtu wa kutusimamisha na kutusalimu, mwangaluka, pole, Mungu mkubwa, tulikuwa tunakuja kukuona. Aliwajibu wote, vidole vyake vimekaza kwenye mkono wa kiti. Kwa Fundi Nassoro kulikuwa na ngazi mbili. Fundi na muuza viatu wa jirani walimnyanyua na kiti chake, na fundi hakuuliza swali lolote. Alifuta meza, akammwagia mbele yake vipuri vyote alivyokuwa navyo, vya ofisi zilizofungwa na mashine zilizokufa.

Sijawahi kuona mtu akichagua kitu kwa makini vile. Maganga alishika kila mazabodi, akaipeleka kwenye mwanga, akatafuta vile vipipa vidogo vilivyovimba kichwa, dalili kwamba imekwisha. Alizilinganisha RAM mbili mbili. Pawa saplai aliipima uzito mkononi, na fundi akamwambia ndivyo, yenye uzito huwa ndani mna kitu. Ile kadi kubwa, ambayo kumbe ilikuwa bado hai, aliikabidhi kwa fundi ibadilishwe na vipuri vingine. Akachukua kadi ndogo isiyo na feni hata moja. Fundi akamwonya kwamba hiyo itacheza mchezo wake, lakini kwa picha za chini kabisa, miti michache, bila vivuli. Maganga akasema, "Lori halihitaji vivuli. Linahitaji barabara isisimame." Tulikaa pale hadi nikashtuka kwamba saa mbili zimekaribia. Yeye akaniona nikishtuka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitazama saa ya simu yake, na nilijua hakuwa anafikiria kompyuta.

Kesho yake aliwapigia simu wenzake wa malori. Walikuja na kamba ya kufungia turubai, na yeye akiwa amelala aliwaelekeza jinsi ya kuipitisha kwenye boriti, fundo gani, kitanzi kikae wapi. Fundo la kwanza alilikataa, akasema mzigo ungeanguka kabla ya Igunga. Walipomaliza akatuomba tutoke wote. Tulisimama uani, madereva wawili, Mama na mimi, tukisikia kitanda kikilia na mtu akihema. Ilichukua muda. Alipotuita, alikuwa amelala upande wa kulia. Nilikuwa nimemwacha upande wa kushoto. Jasho lilikuwa limelowesha mto wote. Mama alikaa sakafuni pale pale mlangoni, akafunika uso kwa upindo wa kanga.

Nisiseme kwamba mambo yalikuwa rahisi baada ya hapo. Alitokwa na kidonda kimoja mwezi wa Februari kwa kujitumainia mno, na miezi mingine tuliweza kukaa siku nzima bila neno zuri. Sikumsamehe siku moja. Nilimsamehe kidogo kidogo, na sehemu iliyobaki niliimalizia nikiwa Mwanza. Lakini Fundi Nassoro alianza kumletea mashine za watu azifungue, na chumba kikaanza kunuka risasi ya kulehemu badala ya dawa. Baada ya mavuno Baba Mdogo alikuja kutoka Lusu na begi lake, akasema atakaa mpaka mvua za kwanza. Nilimpigia goti kumwamkia, nikashindwa kuinuka. Akauliza kama naumwa mguu.

Asubuhi ya kuondoka, Septemba ile, Baba Mdogo alikuwa ametangulia nje na begi langu. Mama alikuwa amenifungia kuku na matobolwa. Nilikuwa nimekwisha kumuaga Maganga, kwa kifupi, maana hakuna kati yetu aliyejua kusema. Alikuwa ameegemea kamba kwa mkono mmoja, mbele yake kompyuta ya parokia imefunguliwa tumbo. Nilifika mlango wa uani ndipo akaniita, kwa sauti ile ile ya mwaka mzima, ile iliyokuwa ikiniinua hata kijiko kikiwa mdomoni.

"Kalunde! Huu waya wa feni unaingia wapi?"

Miguu yangu ilikuwa imekwisha kugeuka. Nilikuwa nimerudi hatua mbili, mkono tayari kwenye pazia la chumba chake.

"Acha," akasema kutoka ndani. "Nimepaona."